PMS2, ekisoni 12 hadi 15: vipande visivyojua kwao

Hatimaye VCF (faili la orodha ya mabadiliko ya DNA) ya jeni PMS2 inasomeka. Haijakamilika, ila inasomeka, na kwa jeni hii hiyo si haba.

Wenye kushughulika na jeni MLH1, MSH2 na MSH6 peke yake hawaijui adha hii. PMS2, jeni ya nne ya sindromu ya Lynch (hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani), ina pacha wake PMS2CL, jeni bandia iliyo kwenye kromosomu 7 hiyohiyo, kama besi 700,000 kutoka hapo, imegeuzwa kinyumenyume. Pacha huyo amebeba nakala ya ekisoni (sehemu za jeni zenye maelekezo ya protini) 9 na 11 hadi 15. Ekisoni 10 hana, na hiyo ndiyo nanga pekee. Ekisoni 9 na 11 zina tofauti za kutosha kuzitenganisha. Kuanzia 12 kwenda mbele, kipande cha DNA kilichosomwa na mashine, chenye besi 150, kinalingana sawasawa na sehemu zote mbili, bwa mem (programu ya kupanga vipande kwenye jenomu) inakitupa popote kwa bahati nasibu na kukipa MAPQ 0 (alama ya uhakika wa mahali), kisha HaplotypeCaller ya GATK, programu ya kutafuta mabadiliko ambayo kwa kawaida huacha kila kitu kilicho chini ya 20, haikioni kabisa. VCF inatoka safi, nyeupe pe. Weupe huo ndio wa kuogopa: hakuna badiliko kwa sababu hakuna kilichosomwa. Fungua IGV, kionyeshi cha vipande, uone vipande vyote vimefifia, ndipo utajua ripoti ya "hakuna kilichopatikana" ilitoka wapi.

Njia iliyokubali ni ile inayojulikana: acha kuwatenganisha mapacha, wapange wote kwenye PMS2, halafu soma kana kwamba mtu ana nakala nne, mbili za jeni na mbili za bandia. Sampuli ni za LWK, Waluhya wa Webuye, kutoka mradi wa 1000 Genomes, kina cha 30 (kila mahali pamesomwa kama mara 30), jenomu rejea GRCh38 isiyo na kontigi za ALT (matoleo mbadala ya baadhi ya maeneo). Kontigi hizo ukiziacha ndani, unaweza kujiongezea pacha wa tatu. Kwanza vipande vya maeneo yote mawili vinatolewa:

samtools view -P -u -T rejea.fa s.cram chr7:5965000-6010000 chr7:6730000-6757000 | samtools collate -u -O - tmp | samtools fastq -n -1 r1.fq -2 r2.fq -s /dev/null -0 /dev/null -

Hiyo -P msiisahau. Bila yake, kipande ambacho mwenzake ameangukia nje ya eneo kinabaki mjane na kutupwa. PMS2CL yenyewe iko takriban 6,735,105 hadi 6,751,801, lakini urudufu unaendelea kupita mwisho wa jeni, kwa hiyo eneo limepanuliwa makusudi. Eneo hilohilo la pili ndilo linalofunikwa kwenye jenomu rejea kwa herufi N (besi isiyojulikana) kwa bedtools maskfasta (BED huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo 6729999). Kisha bwa index upya, bwa mem na -R, maana GATK haiendi bila kundi la usomaji. Usipange kwenye chr7 peke yake ili kuokoa muda: vipande vilivyoingia kwa sababu ya -P vitalazimishwa mahali ambapo si pao.

Kuondoa rudufu (nakala za molekuli ileile zilizosomwa zaidi ya mara moja) kunafanyika baada ya kupanga upya, si kabla. Katika upangaji wa kwanza, rudufu mbili za molekuli moja zinaweza kutupwa moja kwenye jeni na nyingine kwenye bandia, zisitambuane. Gharama yake ni kwamba molekuli mbili tofauti, moja ya kila pacha, zenye mwanzo na mwisho uleule zitahesabiwa kuwa rudufu. Kwa kina cha 30 hilo ni nadra. Kwa paneli (upimaji wa jeni chache tu) ya kina cha mamia, tumia UMI, alama ya kipekee ya kila molekuli.

Halafu HaplotypeCaller --sample-ploidy 4 --dont-use-soft-clipped-bases. Hii ya pili ni muhimu karibu na ekisoni 10: vipande vya PMS2CL vinavyofika pale vinakatwa ncha, na programu ikizitumia ncha hizo inazusha mabadiliko ya ajabuajabu. Kwenye paneli weka pia --max-reads-per-alignment-start 0. Programu mbadala, Freebayes -p 4, ina kasi zaidi, lakini inaunganisha mabadiliko jirani kuwa donge moja ambalo lazima ulivunje ndipo ulinganishe. Kwa eneo dogo kama hili kasi hainisaidii kitu.

Hesabu sasa: kina cha pamoja 60, badiliko lililo kwenye nakala moja kati ya nne linategemewa kwenye vipande 15 hivi, mkengeuko kama 3. Linaonekana vizuri.

Sasa gumu lenyewe. Badiliko la 25% liko wapi, kwenye PMS2 au kwenye bandia? Fikra ya kwanza ya kila mtu ni kutumia tofauti za kudumu kati ya mapacha: mahali jeni ina A na bandia ina G, sampuli yenye nakala nne itoe 50%, na kipande kinachobeba badiliko pamoja na hiyo G kiwe cha bandia. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye LWK tofauti za ekisoni 13 hadi 15 zimetapakaa: 25, 50, 75. Jeni na bandia hubadilishana vipande, kwa hiyo "A ya PMS2" ni A ya jenomu rejea tu, si ya kila mtu. Kuchuja orodha na kubakiza zile zinazosimama kwenye 50% nako hakusaidii. Aleli moja ya PMS2 ikiwa imechukua mkia wa bandia, na aleli moja ya bandia ikiwa imechukua mkia wa jeni, jumla inarudi 50% ileile. Hesabu imenyooka, mahali pamepinda. Hakuna kichujio kitakacholiona hilo kwa vipande vya besi 150, hata kina kifike 1,000, kwa sababu kina hakiongezi urefu. Na masafa ya gnomAD (hazina ya mabadiliko ya DNA ya watu wengi) kwenye ekisoni hizi yasitumike kama hakimu: yametoka kwenye vipande vifupi vilevile, yana ugonjwa uleule.

Kwa hiyo safu ya "chanzo" imefutwa kwenye VCF. Kila badiliko la ekisoni 12 hadi 15 linaandikwa "nakala 1 kati ya 4, mahali hapajathibitishwa", na lenye dalili ya madhara linaenda maabara kwa PCR ndefu (kunakili kipande kirefu cha DNA) yenye kiongozi ndani ya ekisoni 10, zaidi ya besi 15,000 kwa mpigo mmoja. Wa maabara hawapendi. Enzaimu inagoma DNA ikiwa imekatikakatika, na DNA ya tishu zilizohifadhiwa kwenye vitalu vya nta isahau kabisa.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa ufutaji wa ekisoni nzima: nakala tatu badala ya nne, yaani kina 45 dhidi ya 60, kazi ambayo MLPA (kipimo cha maabara cha kuhesabu nakala) inaifanya siku zote. Imewekwa kando, kwa sababu programu ya Paraphase imeingilia kati. Inachukua vipande virefu vya HiFi (usomaji mrefu na sahihi), inakusanya vya jeni na bandia mahali pamoja kama hapo juu, kisha inajenga haplotaipu nzima (mfuatano wa nakala moja) badala ya kuhesabu asilimia. Kipande cha besi 15,000 kinachoanzia kabla ya ekisoni 10 kinabeba nanga yake mwenyewe hadi kwenye mkia au karibu nao. Majaribio yanaanza na sampuli rejea HG002 pamoja na wazazi wake, HG003 na HG004: kila haplotaipu ya mtoto lazima ipatikane kwa mzazi mmojawapo. Conda, kisakinishi cha programu, imekataa kusuluhisha matoleo ya minimap2 na samtools, kwa hiyo ni kontena. HG002 inapakuliwa sasa.