Usukani wa kuchomoa kwenye Impreza yangu

Gari langu la autokrosi (aina ya mbio za magari) lina kiti cha mashindano na mabomba ya rolikeji, yaani kizimba cha chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka, na mimi ni mrefu. Kuingia kulikuwa kazi, na kutoka moto ukiwaka kungekuwa balaa. Ndiyo maana nimefunga usukani wa kuchomoa.

Kwanza nilifungua betri nikasubiri umeme uishe, maana eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani ajali ikitokea, si kitu cha kuchezea. Nati ya katikati niliilegeza bila kuitoa yote. Usukani ukiachia ghafla, nati inauzuia usikupige usoni. Magurudumu yakiwa yamenyooka, nikatia alama kwenye shafti, nikautoa usukani wa zamani, nikavalisha adapta kwenye meno ya shafti, kisha kifaa cha kuchomolea.

Kabla hujanunua, pima matundu ya usukani: wa kampuni ya Momo kwa kawaida ni bolti sita kwenye duara la milimita 70, wa Nardi 74. Waya wa honi uupitishe usibanwe.

Vifaa vya kuchomolea vya bei poa nilivikataa dukani. Ukitikisa, vinacheza, na usukani unaocheza sikai nyuma yake. Changu kinalia “klik!”, na bado nauvuta kwa nguvu kila mara kabla ya kuwasha injini. Barabarani? Usukani wa namna hii hauna eabegi, kwa hiyo bakini na zenu.