Eti wanaviuza kwa kilo

"Mama, vitu vya namna hii sisi tunaviuza kwa kilo."

Tangu Jumatatu maneno hayo yamenikaa. Nachapa barua ya mteja, nayasikia. Nageuka ubavu usiku, nayasikia. Kijana wa duka la kompyuta hakunitukana, alisema kwa upole kabisa, huku ameishika kamera yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Kamera yenyewe ni ile nyeusi ya kubana juu ya kioo cha kompyuta, niliyoichomoa soko la Owino, Kampala, kwenye rundo la waya na rimoti, kwa shilingi 10,000. Haina jina la kampuni, haina modeli, na kibandiko cha chini kimesuguka mpaka kimebaki cheupe. Nilimnunulia Mama. Macho yake yameingia ukungu, na kwenye simu Salha anapopiga kutoka Doha anaona kivuli tu. Kompyuta ya kibanda changu cha kuchapia ina kioo kikubwa kingemfaa, ila haina kamera, na Salha naye anataka kumwona mamake.

Shida ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia kamera. Basi mazungumzo yalikwenda hivi.

"Ya kampuni gani?"

"Haikuandikwa."

"Sasa draiva zake utazitafuta kwa jina gani?"

"Kwani ndani haina namba?"

Hapo ndipo akatabasamu na kuleta habari ya kilo. Akaniwekea mpya mezani, shilingi 60,000. Nikaaga, nikatoka.

Namba ilikuwemo! Nimemweleza hivyo kichwani wiki nzima. Kila kifaa cha USB kikichomekwa huiambia kompyuta namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya kifaa chenyewe, hata kama juu hakuna herufi hata moja. Kwenye Windows unafungua Device Manager, unabofya kwa kitufe cha kulia kile kifaa chenye alama ya njano, unaingia Properties, kisha Details, halafu unachagua Hardware Ids. Yangu ilisoma VID_0AC8 na PID_301B. Hiyo 0AC8 ni ya kampuni ya Z-Star, na 301B ni chipu yao, kile kipande cha ndani kinachoiendesha kamera, iitwayo ZC0301. Yule aliyebandika jina nje, au aliyeacha kulibandika, alinunua tu chipu ya watu akaivisha plastiki. Ukishajua chipu, umeshajua unachotafuta.

Kupata ni jambo lingine. Tovuti zinazojitokeza mwanzo zina kitufe kikubwa cha kijani na programu ya kukutafutia "draiva zote". Jamani, msizibofye. Ukiifungua hiyo programu itakudai pesa au itakujazia matangazo hadi kompyuta ishindwe kupumua. Draiva niliyoipata mwishowe ilikuwa ya zama za Windows XP, ya biti 32, na Windows yangu ni ya biti 64, ambayo draiva ya biti 32 haiipokei kabisa. Kamera za sasa hazina shida hiyo kwa sababu zinafuata kanuni moja ya pamoja, UVC, iliyotoka mwaka 2003, na mfumo unazitambua wenyewe. Hii yangu haifuati kanuni hiyo. Nilikaribia kuirudisha kwenye mfuko wa nailoni na kuusahau.

Katikati ya hayo, Ijumaa tumemzika Baba Mkubwa kule Iganga, Mungu amrehemu. Musa alitoka chuo akaja mazishini, kisha akarudi nasi nyumbani Walukuba. Nikamwonyesha kamera bila kumwambia habari ya kilo, maana sikutaka kuyasikia maneno yale kwa sauti.

"Shangazi, tuijaribu kwa Linux kwanza."

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows, naye alikuwa nao kwenye flashi yake. Akaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi, Windows ikabaki ilipo haikuguswa. Akaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, na katika orodha ikatokea 0ac8:301b, na jina la Z-Star likiwa limeandikwa waziwazi. Hakuna aliyetuomba sidii wala kutuambia tupakue chochote. Akafungua programu ya kamera, na pale kwenye kioo nikajiona na leso yangu ya jikoni. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja.

Musa ndiye aliyenisimulia kuhusu Michel Xhaard. Ni daktari wa Ufaransa, daktari wa kutibu watu, aliyekuwa akiandika draiva za kamera kama hizi nje ya kazi yake, mpaka zikafaa kamera zaidi ya 200 za aina mbalimbali. Mwaka 2008 kazi hiyo, inayoitwa gspca, ikaingizwa ndani ya kiini chenyewe cha Linux, toleo la 2.6.27, na ndiyo maana hatukupakua kitu. Fikirini mtu ametoka kuona wagonjwa, anakaa kushughulikia vifaa visivyo na jina, vya watu asiowajua, na kimoja kinakuja kumfaa mama wa Walukuba. Sijui nimwombee vipi, ila nimemwombea.

Jumamosi jioni tukampigia Salha. Picha ya chipu hii haizidi nukta 640 kwa 480, lakini Salha alimwona Mama, na Mama akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona umekonda? Hao watu hawakupi chakula?"

"Wananipa, Mama."

"Geuka nikuone ubavuni."

Akageuka kweli, mtu mzima, huko Doha. Walicheka wote wawili, nami nikatoka nje kuwaachia nafasi.

Nitarudi kwa yule kijana. Nitamwandikia kwenye karatasi njia ya kuzifikia zile namba, na jina la gspca, kwa sababu wapo wengine watakaoingia pale na kamera mkononi na hawana 60,000.

Jingine. Mwenye nyumba hajapita kuchukua kodi mwezi huu. Tarehe 5 hajawahi kuikosa tangu tuhamie, hata ile siku ya mvua kubwa alikuja. Simu yake imezimwa, na mwanawe wa Mbale hapokei. Kesho baada ya alfajiri nitampitia.