Hodi ya Tatu

Kila nikirudi Lamu maswali huwa yale yale: theluji hufika wapi, mshahara ni kiasi gani, na lini nitamchukua fulani. Safari hii ami yangu alikuja na jipya. Tulikuwa tumekaa Mkunguni baada ya alasiri, mbele ya ngome, nikimwonyesha mjukuu wake picha kwenye simu, mara akaiona moja akanishika mkono. Ni mimi, nimevaa koti zito na kofia ya sufu, nimeshika kibao cha plastiki chenye jina la msichana.

"Mwana wa nani huyu? Na wewe tangu lini umekuwa mpambe wa watu?"

Nikamwambia ni binti wa jirani yangu Columbus, Ohio, ana miaka 22, anagombea bodi ya shule. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na dele lake akasimama. Mzee wa pembeni akaweka kikombe chini. Ami akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Bodi ya shule nayo hupigiwa kampeni?"

Hupigiwa, ami. Na kabla ya hapo hata mimi sikujua. Nilikaa Columbus miaka minane nikijua njia tatu tu: ya kazini, ya msikitini na ya duka la Wasomali ninakonunua nyama. Wanangu wanasoma shule ya serikali, na nilidhani shule ya serikali ni ya serikali kama huku, kwamba kuna ofisi mbali sana inayoamua. Kumbe Marekani ina wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi zinaongozwa na bodi ambayo watu wa mtaani wenyewe wameipigia kura. Kwetu Ohio aghalabu bodi ni ya watu watano, kila mmoja miaka minne, na uchaguzi wake ni Novemba ya mwaka usiogawika kwa mbili, wakati hakuna rais wala gavana kwenye karatasi na watu wengi wamelala. Ukiwa mpiga kura wa wilaya hiyo unaweza kusimama, na umri wa kupiga kura ni miaka 18 nchi nzima tangu 1971. Bodi ndiyo inayomwajiri mkuu wa elimu wa wilaya, inamwajiri mweka hazina, inapitisha bajeti, inaamua basi lipite wapi na shule ipi ifungwe.

"Chama gani?" mzee wa pembeni akauliza.

Hakuna chama. Kwenye karatasi ya kura ni majina matupu.

"Hakuna leso? Hakuna tisheti?"

Hakuna. Kuna vibao vya kuchomeka kwenye nyasi, na miguu yako.

Huyo msichana, simtaji jina maana kampeni imekwisha na ana maisha yake, mama yake ni Mbajuni wa Chula, kisiwa cha upande wa Somalia. Waliondoka visiwani vita vya 1991 vilipopamba moto, wakakaa Mombasa kambini, mwisho wakaangukia Ohio. Nilipohamia mtaa ule, siku ya kwanza nilimsikia mama huyu akimkaripia mwanawe kwa Kitikuu kwenye maegesho ya magari nikasimama kama niliyeitwa. Nyanya yangu wa Faza alikuwa akikaripia vile vile. Kwa hiyo aliponiita nyumbani kwake akaniambia, "Mwanangu anasimama, na mimi miguu inanivimba, nenda naye wewe," sikuwa na pa kutokea.

Kwanza niliogopa, na hapa niwaambie wenzangu mlioko huko jambo la maana. Nina grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, si raia. Asiye raia akipiga kura Marekani, hata akijiandikisha tu kwa kudanganywa na mtu wa dukani, anaweza kufukuzwa nchini. Na Ohio mwaka 2022 walibadilisha katiba ya jimbo ili hata chaguzi za mitaa asipige ila raia. Ndiyo maana wengi wetu hukimbia chochote chenye harufu ya uchaguzi. Lakini kujitolea, kubeba vipeperushi, kubisha milango, mwenye grini kadi hakatazwi. Nikauliza wakili wa jamaa yetu, akanithibitishia. Nikavaa viatu.

Kazi ilianza kiangazi, kutafuta sahihi. Ili jina liingie kwenye karatasi lazima upeleke fomu yenye sahihi za wapiga kura wa wilaya hiyo hiyo, siku 90 kabla ya uchaguzi, yaani mwanzo wa Agosti. Mtu akisaini naye hakujiandikisha, au anakaa ng'ambo ya barabara ambako ni wilaya nyingine, hahesabiwi. Nusu ya jamaa zetu wa msikitini walikuwa ng'ambo ya barabara. Ikabidi twende kwa wasiotujua.

Mama mtu alimpa mwanawe sheria moja tu, ile tuliyolelewa nayo sisi sote: hodi tatu. Piga kengele, ngoja. Piga, ngoja. Ya tatu usipojibiwa ondoka, na usichungulie dirishani. Kule milango haina madaka, yale mabaraza ya mlangoni, ya kukalia ukingoja mwenyewe avae. Kengele ina kamera ndani yake, na mwenye nyumba anakusemesha akiwa kazini, au akiwa chumbani amekuona na hataki kunyanyuka. Kuna siku nilisema "hodi" kwa sauti mbele ya kengele bila kujijua, na kengele ikanijibu kwa Kiingereza kuwa hawanunui kitu.

Binti yeye aliitia sheria ya mama yake nyongeza. Nyumba isiyofunguka alirudi siku nyingine, hata mara tatu, kwa nyakati tofauti. Ndivyo tulivyompata mzee mwenye mbwa.

Mara ya kwanza alitusemesha kupitia kamera: acheni karatasi. Ya pili alifungua, na mbwa akatoka kabla yake, mkubwa kama ndama. Mimi nikawa barabarani kabla sijaamua kwenda. Msitucheke tuliolelewa Lamu. Koti lile lingeguswa tu na pua ya yule mnyama ningekuwa na hesabu ya kulitoa najisi kwa maji mara saba, moja kwa udongo, na udongo wa kuutoa wapi mtaani pote ni nyasi na lami? Binti alibaki mlangoni. Mzee akamwambia yeye hapigii mtu wa bodi anayetaka kumwongezea kodi, akafunga.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Nitakieleza maana kwenye baraza kilituchukua vikombe viwili. Shule za Ohio sehemu kubwa zinaishi kwa kodi ya nyumba, na wilaya ikitaka zaidi lazima iwaombe wapiga kura wakubali. Kipimo chao wanakiita mili. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa, na inayotozwa si bei yote ya nyumba, ni asilimia 35 yake. Nyumba ya dola 100,000, mili moja ni dola 35 kwa mwaka. Wakiomba mili tano, mwenye nyumba ya dola 200,000 anaongeza dola 350. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua, katika kesi ya DeRolph, kwamba kutegemea kodi hiyo namna ile kunavunja katiba ya jimbo, kwa kuwa kwenye nyumba za thamani shule hushiba na kwenye nyumba duni hulala njaa. Mpaka leo bado wanaomba mili.

Wilaya yetu iliomba mara mbili, watu wakakataa mara mbili. Ikakata mabasi ya sekondari. Sheria inailazimu kubeba watoto wa chekechea hadi darasa la nane wanaokaa zaidi ya maili mbili kutoka shuleni. Wa sekondari hailazimiki. Ndugu yake binti, miaka 15, akawa anakwenda kwa miguu. Ohio mwezi wa Januari saa moja asubuhi bado ni giza, na kando ya barabara nyingine hakuna hata njia ya waenda kwa miguu. Hilo ndilo lililomfanya asimame. Kwenye mikutano ya watu alisema mambo ya vitabu na walimu pia, lakini ukweli ni basi.

Mara ya tatu kwa mzee ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Mbwa alikuwa amefungiwa ndani. Mzee amestaafu, anaishi kwa pensheni, na hofu yake ilikuwa moja, kwamba kodi itamtoa kwenye nyumba aliyolea watoto wake. Binti hakubishana. Alimwuliza nyumba yake imethaminiwa kiasi gani, akatoa kalamu, akampigia hesabu nyuma ya kipeperushi. Mzee akaitazama ile namba kitambo. Akasema kelele zote zile na hakuna aliyewahi kumwandikia namba yake. Kisha, kama anayebadilisha mazungumzo, akasema kuna kijana hupita hapa kila asubuhi gizani, mbwa wake humbwekea.

"Ni ndugu yangu," binti akasema.

Mzee hakusema kitu. Alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa moja na nusu usiku. Chetu kilikuwa kanisani. Futi 100 kutoka mlangoni huchomekwa bendera mbili ndogo za Marekani, na mfanya kampeni havuki hapo. Nilisimama upande wa nje wa bendera siku nzima, mikono imekufa ganzi, nikigawa karatasi za jina kwa watu ambao wao wanaingia na mimi siingii. Mama Mbajuni alileta chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, akampa hata mpambe wa mpinzani. Yeye uraia anao. Aliingia, akatoka, akasimama nami. Akaniambia hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kupiga kura maishani, na kwamba mkono ulimtetemeka asije akaharibu karatasi ya mwanawe.

Viti vilikuwa viwili, wagombea watano. Binti akawa wa tatu. Tofauti haikutimia kura mia.

Hapo ami akasikitika kwelikweli, kana kwamba ni wa ukoo. "Wa Chula ni watu wetu," akasema, "wamedhulumiwa hata huko." Nikamwambia hakuna aliyedhulumu, zimehesabiwa. Hakuridhika.

Ndipo nikamwuliza na huku bodi ikoje. Ami aliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya sekondari moja hapa. Kwa sheria ya elimu ya Kenya ya 2013 bodi zetu nazo zina watu sita wa kuchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, watatu wa mfadhili wa shule, mwakilishi wa walimu, na wengineo, hata baraza la wanafunzi lina mtu wake ndani. Kwenye karatasi si haba. Nikamwuliza alichaguliwaje.

"Nilikuwa nimekaa nyuma. Adhana ikaadhiniwa, nikainuka nikatie udhu. Mwenyekiti akasema, 'Haya, ami yuwasimama.' Watu wakanyosha mikono."

Mkunguni pote pakavunjika mbavu. Muuza kahawa akaapa naye alikuwepo.

Ami mwenyewe hakucheka sana. Akasema walikutana, wakanywa soda, wakaambiwa fedha hazijafika. Sekondari ya kutwa hupangiwa na serikali shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na zikichelewa huko Nairobi bodi haina mlango wa kugonga. Walimu ni wa TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, nao huletwa na kuondolewa bila bodi kuulizwa. Wakipungua, wazazi huchangishwa kumlipa kijana aliyemaliza chuo na hana kazi, anaitwa mwalimu wa BOM, yaani wa bodi ya shule, na mshahara wake ni siri kwa aibu. "Sasa mtu asimame agombee nini?" akauliza. Mzee wa pembeni akaongeza kwamba shule za Waboni kule Basuba, bara ya Lamu, zilipofungwa miaka yote ile kwa ajili ya usalama, yeye hakusikia bodi yoyote ikiulizwa.

Nilitaka kumjibu ami kwamba yule binti naye, angeshinda, angekuta hakuna fedha mpaka wenye nyumba wakubali, na kwamba tofauti ni kuwa yeye anajua ni mlango wa nani. Sikumjibu. Mtu aliyebakia nyumbani ana haki ya neno la mwisho juu ya nyumba, na sisi wa ndege mbili tuna tabia ya kusahihisha kila kitu wiki ya kwanza.

Nikamwambia tu kwamba mwezi uliofuata binti alikwenda kwenye kikao cha bodi. Vikao viko wazi, raia na asiye raia, na mwananchi hupewa dakika tatu za kusema. Alizitumia zote kwa habari ya basi. Safari hiyo nilikwenda naye na kuingia ndani kabisa, nikakaa mstari wa pili.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Kipungani. Ami akapiga kikombe chake kitini kuita kahawa nyingine, akafikiri, akanigeukia.

"Na yule mwenye mbwa. Alimpa?"

"Kura ni siri, ami."

"Siri gani, nanyi mmefika mlangoni kwake mara tatu?"