Mwaka mzima tulilisingizia bwawa, kumbe uchafu ulikuwa kwetu

Nakaa Kihonda, Morogoro. Kwa muda wa mwaka mmoja nilikuwa nampeleka mwanangu wa mwisho hospitali kila baada ya wiki chache kwa sababu ya tumbo. Anaharisha, anapanda homa, anapewa dawa, anapona, halafu tunaanza upya. Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lilelile: "Hayo ni maji ya Mindu hayo," yaani bwawa tunalopata maji ya bomba. Basi, kesi imekwisha.

Ukiuona mto Ngerengere wakati wa masika unaweza kuamini. Unashuka kutoka Uluguru ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa mashamba ya mlimani, unaingia bwawani hivyohivyo. Lakini maji hayatoki bwawani yakaja moja kwa moja jikoni. Yanapita kwenye mtambo wa Mafiga, yanasafishwa na kutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, ndipo yaingie mabombani. Hili nilikuja kulijua baadaye, na mpaka leo linaniuma kwamba katika wote walionipa ushauri hakuna hata mmoja aliyenitajia.

Jirani yangu aliniambia nitumie shabu. Nikanunua kipande sokoni, nikakizungusha kwenye ndoo kama alivyonielekeza. Kwa macho ni kitu cha ajabu: uchafu unakusanyana mabonge madogo, unazama taratibu, na baada ya saa moja unaona mpaka alama za kiwandani zilizo kwenye kitako cha ndoo. Nilifurahi kweli. Mtoto akaumwa wiki hiyohiyo. Shabu inatuamisha udongo, haiui vijidudu, na maji maangavu yanaweza kukulaza kitandani sawa na yale ya tope.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, chemsha mpaka yachoke." Nikayachosha. Dakika 20 kila sufuria, asubuhi na jioni. Mtungi wa gesi uliokuwa unavuka mwezi ukaanza kuisha wiki ya tatu, nikahamia mkaa, gunia nalo likawa linayeyuka. Na mtoto bado. Siku aliporudia kuharisha wakati nachemsha kila tone, nilikaa chini jikoni nikalia. Nilijua nimefanya kila kitu nilichoambiwa. (Maji yakishatokota vizuri, dakika moja inatosha. Walio juu sana milimani, zaidi ya mita 2,000, ndio wafikishe dakika tatu.)

Mimi ni fundi cherehani, na msaada ulinijia kupitia cherehani. Kijana mmoja anayetunza bwawa la kuogelea la hoteli alileta sare zake zipunguzwe, akanikuta natoka hospitali. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Dada, klorini umepima?" Nikamwambia hata sijui inapimwaje. Kesho yake akaja na kijiboksi cha plastiki: vichupa vidogo vya kioo na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya fedha. Unachota maji kwenye kichupa, unatia kidonge kimoja bila kukigusa kwa vidole, unatikisa. Kama kuna klorini, maji yanageuka rangi ya waridi, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Kama hakuna, yanabaki meupe. Unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni ya kijiboksi. Aliniambia bombani tunatafuta angalau 0.2, yaani miligramu 0.2 kwa lita, kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani.

Nilichota sehemu nne. Ya kwanza, bomba la nje lililo hatua mbili kutoka kwenye mita. Ya pili, pale bomba linapomwaga ndani ya simtanki letu. Ya tatu, koki ya jikoni, inayolishwa na simtanki. Ya nne, ndoo yetu ya maji ya kunywa. Nikavipanga vichupa juu ya ukuta wa baraza, jua likiwa nyuma yake. Cha kwanza kilikuwa waridi safi kama juisi ya rosela iliyozimuliwa. Cha pili kilififia, unakikazia macho ndipo unaona. Cha tatu cheupe. Cha nne cheupe pe.

Nilivitazama kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yanafika kwangu yakiwa mazima, yana ulinzi wake, na sisi ndio tuliokuwa tunayaharibu kati ya mita na kikombe.

Nikapanda kwenye simtanki siku hiyohiyo. Mfuniko ulikuwa na ufa, tangu lini sijui. Ndani kuta zinateleza kwa ute wa kijani, chini kuna tope la unene wa vidole vitatu, na mjusi mmoja amekufa. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunapikia, tunaoshea vyombo na kusukutulia.

Tulilimwaga lote, tukalisugua kwa brashi ya mpini mrefu, tukalisuuza mara mbili. Halafu tukalijaza tena na kutia jiki ya kawaida, ile isiyo na manukato, lita moja na nusu hivi kwa simtanki la lita 1,000. Kwa jiki ya asilimia 3.5 hapo unapata kama miligramu 50 kwa lita, dozi ya kusafishia tangi, si ya kunywa! Tukafungua koki zote mpaka harufu ikasikika jikoni, tukafunga, tukaacha usiku kucha, asubuhi tukamwaga yote. Jiki usiichanganye kabisa na dawa ya kusafishia choo, hewa yake inaumiza mapafu. Mfuniko mpya ulinigharimu kama shilingi 30,000.

Koki ya jikoni sasa ikaonyesha waridi, ingawa hafifu. Lakini ile sehemu ya pili, pale maji yanapoingia kwenye simtanki, bado ilikuwa imefifia, na simtanki halikuhusika tena. Hapa najivunia, maana nililigundua mwenyewe. Nilifunga koki zote usiku pamoja na koki ya boya ya simtanki, nikaenda kwenye mita na tochi. Kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kinazunguka polepole. Nyumba nzima imefungwa, maji yanakwenda wapi? Asubuhi tukafuata bomba hatua kwa hatua mpaka linapokatiza chini ya mtaro wa maji machafu. Kiungo kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kinatiririka. Aliyelaza bomba lile alishalipwa zamani na kuondoka. Maji yakiwa na nguvu, yanatoka nje kupitia ufa huo. Nguvu ikikatika, bomba linavuta, na lililokuwa nje ni maji ya mtaro. Bomba jipya, kupitishwa juu ya mtaro, na ufundi, ilifika laki na kitu. Bili ya maji nayo ikashuka.

Sasa ile ndoo. Maji yakichemka klorini inaondoka, kwa hiyo maji yaliyochemshwa hayana kinga tena. Ukiyamimina kwenye ndoo isiyooshwa, watoto wanachovya kikombe na vidole juu, umerudi ulikotoka. Hicho ndicho kilichokuwa kinamuumiza mwanangu hata nilipochemsha. Nikanunua ndoo yenye mfuniko na koki chini, naiosha kwa sabuni kila Jumamosi, na hakuna mkono unaoingia ndani. Kata ya kuchotea nimeiondoa kabisa jikoni.

Na ukisikia harufu ya dawa kwenye maji ya bomba, usinune. Mimi siku hizi nisipoisikia ndipo napima. Masika napima zaidi, kwa sababu tope linakula klorini: maji yakija na rangi nayaacha yatuame, nayachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo nachemsha.

Mtoto ana miezi saba sasa bila kuharisha. Juzi jirani yangu, yuleyule wa shabu, alikuja na chupa ya maji ya koki yake ya jikoni akaniomba nimpimie. Nilitia kidonge, tukatikisa, tukasubiri. Yakabaki meupe. Jumamosi tunapanda kwenye tenki lake.