Mausi inaganda, sabufa inakoroma: angalia haya kabla hujapiga Windows

Hapa Dodoma kompyuta ya mezani ikileta shida yoyote, jibu la haraka ni moja: piga Windows, yaani ifute na uiweke upya. Mausi inaganda, piga Windows. Spika kimya, piga Windows. Mafaili yanapotea, hela inakwenda, na kesho yake mausi inaganda vilevile kwa sababu kilichokatika ni waya. Mashine nyingi tunazotumia mjini hapa ni Dell OptiPlex na HP za mtumba, imara kuliko zinavyoonekana. Mausi au sauti ikisumbua, anza kushuku vumbi, umeme na mipangilio. Windows iwe ya mwisho.

Kitu cha kwanza ni kuhamisha, na hakigharimu hata senti. Mausi iliyogoma ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikifanya kazi huko, kosa liko kwenye CPU yako, yaani boksi la kompyuta. Ikigoma na huko, kosa ni lake. Kisha jaribu matundu ya USB ya nyuma ya CPU. Ya nyuma yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ila ya mbele yanaungwa na waya mrefu ndani ya boksi, na plagi ya waya huo hulegea mashine ikisafirishwa kwenye lori kutoka Dar. Matundu yote ya mbele yakifa kwa pamoja, fungua boksi uisukume ile plagi mahali pake kabla ya kufikiria lolote lingine.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, USB inaweza kubaki imejifunga hata kama kompyuta imewaka. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi ili chaji iliyobaki iishe. Rudisha waya, washa. Njia hii huamsha hata sauti iliyopotea ghafla.

Kama mausi haina dalili ya uhai na huna nyingine, kibodi inatosha. Bonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, halafu Enter. Namba za upande wa kulia sasa zinasogeza mshale: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, na 5 ni kubonyeza. Ni polepole, lakini utafika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, Enter. Tafuta "Mice and other pointing devices", chagua mausi yako, bonyeza Shift na F10 kufungua menyu, chagua "Uninstall device", kisha washa kompyuta upya. Windows itaitambua mausi na kuiwekea yenyewe draiva, yaani programu ya kuiendesha. Usiende kupakua draiva ya mausi ya kawaida mtandaoni, haihitajiki.

Mausi inayoganda ukikaa dakika kadhaa bila kuigusa, kisha ikaamka kwa kusuasua, kwa kawaida ni suala la kubana umeme. Humo humo devmgmt.msc fungua "Universal Serial Bus controllers", ingia kwenye kila "USB Root Hub", sehemu ya "Power Management", uondoe tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kwenye kompyuta ya mezani huo umeme unaookolewa hauna maana yoyote.

Sasa vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba huku ni ukavu na upepo, na mitaa kama Nzuguni, Ihumwa na Mtumba bado inachimbwa na kujengwa, kwa hiyo vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Mausi ya kisasa ni kamera ndogo: taa inamulika meza, nayo inapiga picha maelfu kwa sekunde na kulinganisha picha moja na inayofuata. Unywele mmoja kwenye tundu la lenzi unatosha kufanya mshale uruke au utetemeke wenyewe. Igeuze, ipulize, kisha pitisha kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo ya duka la dawa. Usitumie maji wala sabuni.

Kabla ya kuilaumu mausi, angalia kilicho chini yake. Meza ya ofisi yenye kioo juu, au kitambaa cha plastiki kinachong'aa, huipumbaza kabisa. Weka karatasi nyeupe ya A4 uone. Mshale ukitulia, mausi ni nzima na unachohitaji ni pedi. Na kama huoni taa nyekundu chini, usikimbilie kusema imekufa: nyingine hutumia mwanga ambao jicho halioni. Kamera ya simu mara nyingi huuonyesha.

Mausi ya waya hukatika ndani pale waya unapoingia kwenye mwili wake, kwa sababu ndipo unapokunjwa kila siku. Kunja sehemu hiyo taratibu kompyuta ikiwa imewaka. Ukisikia sauti ya USB kuunganika na kukatika, umepata jibu. Mausi isiyo na waya ina ugonjwa wake: redio yake iko kwenye masafa ya GHz 2.4, na matundu ya USB 3.0, mengi yakiwa ya bluu, hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Kipokeo chake kikiwa nyuma ya boksi la chuma, karibu na diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la bluu, mshale utakuwa unakwamakwama. Kihamishie tundu jeusi la mbele.

Na ile ya kubonyeza mara moja ikafungua kama umebonyeza mara mbili? Ni swichi ya ndani, kibati chake kimechoka. Kuthibitisha, ingia kwenye mipangilio ya mausi, fanya kitufe cha kulia kiwe ndicho kikuu. Shida ikibaki kwenye kitufe kile kile cha kushoto, ni swichi. Fundi anaweza kubadilisha kwa kuchomelea, ila kwa mausi ya bei ya chini nunua nyingine tu.

Upande wa sauti, kosa linaloongoza halina hata ufundi: sauti inatoka, ila inapelekwa pengine. Ukiunga monita kwa HDMI au DisplayPort, Windows inaweza kuichagua monita kuwa ndiyo spika, hata kama monita yenyewe haina spika. Bonyeza Windows na R, andika mmsys.cpl, Enter. Kwenye "Playback" chagua "Speakers" na ubonyeze "Set Default". Kama haionekani, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu na uweke tiki kwenye "Show Disabled Devices". Piga muziki na utazame mistari ya kijani pembeni ya jina la kifaa: ikipanda na kushuka ilhali spika ziko kimya, programu imemaliza kazi yake na tatizo liko kwenye tundu, waya au spika.

Nyuma ya CPU, tundu la kijani ndilo la spika, la waridi la maiki, la bluu hafifu la kuingizia sauti. Mashine za zamani zina matundu mawili ya kijani. Lile la duara lenye vitundu vya pini ni la mausi za zamani za PS/2, na hilo usichomeke wala kuchomoa mashine ikiwa imewaka. Ndani ya tundu la sauti kuna kibati kinachoiambia kompyuta kwamba pini imeingia. Vumbi likikishika, kompyuta inaamini hedifoni bado ipo mbele na kuzinyima sauti spika za nyuma. Zima mashine, ingiza na kutoa pini safi mara nyingi kidogo, kibati kitaachia. CPU nzima usimpelekee fundi pancha aipulize kwa kompresa: ule upepo una nguvu mno na hubeba maji. Tumia bluwa, na shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Spika ndogo zenye nyaya mbili nazo zinawachanganya watu. USB ni ya umeme tu, sauti inapita kwenye pini ya milimita 3.5. Zote mbili zichomekwe. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampia 500. Ukiweka kigawanyio kimoja cha USB chenye mausi, spika na simu inayochajiwa, spika zitakwaruza na mausi itakatika kwa pamoja. Hapo watu husema kompyuta ina virusi.

Sabufa kukoroma ndiyo malalamiko makubwa, na hapa Dodoma yana sababu yake. Chomoa pini kwenye CPU uiunge kwenye simu isiyochajiwa. Mkoromo ukibaki, ni sabufa au waya wake. Ukiisha, unatoka kwenye kompyuta, na mara nyingi chanzo ni ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Umeme wetu ni volti 230 za hezi 50, na mkoromo mzito usiobadilika ni hizo hezi 50 au mara mbili yake. Soketi isiyo na ethi huliacha boksi la CPU likielea kwenye karibu nusu ya volti hizo. Ndiyo maana ukiligusa peku unahisi linakuchoma kidogo. Hata nyumba yenye ethi inaweza kuhangaika, kwa sababu udongo mkavu wa kiangazi unapitisha umeme vibaya na nondo iliyochimbiwa juujuu inabaki kama haipo. Mwite fundi umeme aipime na kuichimbia chini zaidi. Wakati unamsubiri, chomeka CPU, monita na sabufa kwenye ekstensheni moja. Pini ya tatu ya plagi usiikate kamwe, mkoromo uishe au usiishe.

Kuna kelele nyingine, nyembamba, inayolia kila ukisogeza mausi. Hiyo ni kelele ya umeme wa USB ikivuja kwenye waya wa sauti wa mbele. Hamishia sabufa tundu la nyuma, kisha panga sauti ya Windows kwenye 80 hivi na upunguze kwenye sabufa. Ukifanya kinyume chake, unaikuza kelele.

Upande mmoja ukifa, badilisha pini nyekundu na nyeupe nyuma ya sabufa. Ukimya ukihama, kosa ni waya au kompyuta. Ukibaki palepale, ni sabufa.

Hayo yote yakishindikana, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uone kama sehemu ya Audio haijazimwa; betri ya CR2032 ikifa, mipangilio hiyo hujibadilisha. Kisha washa mashine kwa flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, mfumo mwingine mbadala wa Windows, chagua "Try Ubuntu", bila kugusa diski. Sauti ikitoka huko, shida ni draiva: chukua ya mtengenezaji, Dell kwa Service Tag, ile alama yenye jumla ya herufi na tarakimu 7 iliyobandikwa kwenye boksi. Isipotoka, huenda chipu ya sauti imeungua, na hapo nunua kadi ndogo ya sauti ya USB. Ukishaichomeka, rudi mmsys.cpl uiwekee "Set Default", la sivyo utadhani nayo ni mbovu.