Oregon si mvua tupu: shikeni barabara namba 26

Wageni wanaonijia hapa Beaverton, kando ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani, hufika na orodha yao tayari kwenye simu: maporomoko ya Multnomah, picha, baharini, basi. Siwalaumu. Maporomoko yale yana kimo cha mita 189, na kutoka Portland ni nusu saa tu kwa gari. Lakini ukiishia hapo utarudi kwenu ukisema Oregon ni miti na manyunyu, na hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu ndogo.

Ndiyo maana shemeji yangu alipokuja na wanawe mwezi wa sita nilimwambia, safari hii tunashika barabara moja tu, namba 26, kutoka baharini mpaka ituchoshe.

Inaanzia karibu na Seaside, na Cannon Beach iko hapo hapo, na lile jiwe lake kubwa, Haystack Rock, linalochomoza mita 72 ukingoni mwa maji. Shemeji ni mtoto wa Tanga. Akavua viatu, akaingia mpaka vifundoni, akatoka mbio. "Haya maji wameyatoa kwenye friji?" Kiangazi upepo wa kaskazini huyasukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya chini, yenye baridi kali, hupanda kushika nafasi yake. Jua liwake litakavyo, hayapati moto. Na msiipe bahari ile mgongo, maana wimbi kubwa huweza kuja ghafla likamzoa mtu mchangani.

Kilichomgusa zaidi ni kutoona ua wala mlinzi. Tangu sheria ya 1967, ufukwe wa pwani yote ya Oregon, kilomita 580 hivi, uko wazi kwa kila mtu, hata mbele ya hoteli za bei mbaya. Sisi tuliowahi kufukuzwa na askari wa hoteli kwenye mchanga tuliochezea utotoni tunajua hilo lina uzito gani.

Portland tuliipita. Mlima Hood, mita 3,429, watoto wakarushiana theluji wakiwa na kandambili.

Kuanzia hapo ndipo utamu. Ukivuka mlima, miti inapungua, inapungua, mara umezungukwa na vichaka vya kijivu na anga tupu. Mawingu ya Pasifiki hupanda milima ya Cascade, yakamwaga mvua yake upande wa magharibi, yakateremka upande wa pili hayana kitu. Aliyewahi kutoka Lushoto milimani akashuka nyika kavu ya Mkomazi hahitaji maelezo. Barabara inakatiza Warm Springs, ardhi ya makabila ya Warm Springs, Wasco na Paiute, kisha Madras, kisha Prineville. Hapo jazeni tenki. (Kuanzia 1951 dereva wa Oregon alikatazwa kujijazia mafuta mwenyewe, sheria ililegezwa 2023. Mimi bado nakaa ndani ya gari nikisubiri kuhudumiwa.)

Kabla ya kufika Mitchell, kata kushoto uende Painted Hills. Ni vilima vipara, vyenye mistari myekundu, ya manjano na meusi, kama kanga zilizoanikwa. Ule wekundu ni udongo wa zamani sana, zaidi ya miaka milioni 30, wakati huku kulikuwa na joto na mvua nyingi. Chuma kilichomo kikapata kutu. Shemeji aliinama kwenye kijia cha mbao cha Painted Cove, akautazama kwa karibu. Umepasukapasuka juu, vipande vidogo kama mahindi ya kukaanga. "Huu si udongo wa Soni, kule Lushoto, kabisa?" Kijana wake mkubwa akataka kuukanyaga, nikamshika shati: nyayo hubaki pale miaka na miaka, na kutoka nje ya njia ni marufuku.

Nendeni jua likianza kushuka, rangi ndipo zinakolea. Bebeni maji, na msitegemee simu, mtandao unakatika. Lile ziwa maarufu, Crater Lake, liko mbali kusini, lina safari yake peke yake. Na njooni kiangazi. Mkija Desemba bila minyororo ya matairi, Mlima Hood hatuvuki. Tutabaki Portland tukilowa.