Mawimbi ya Matema yamenishinda na sin x yangu
Jumamosi nimekaa ufukweni Matema, upepo wa milima ya Livingstone unapiga, ndo nikaona: mawimbi ya Ziwa Nyasa yana vilele vyembamba na mabonde mapana. Sin x, ule mchoro wa wimbi tuliokaririshwa kidato cha sita, ni mviringo juu, mviringo chini!

Usiku nimerudi Tukuyu (mvua, kama kawaida), nikachora y = e^(k cos x), nione kama itatoa kilele chembamba. Kwa k = 1 kilele kinaanza kubana. Nikaweka k = 5: kilele 148 na ushee, bonde karibu sifuri, mwiba kabisa, na bado unajirudia kila 2π. Kumbe mwanahisabati Gerstner aliyaeleza mawimbi ya maji kwa trokoidi (mchoro unaoachwa na nukta iliyo kwenye gurudumu linaloviringika) tangu 1802.

Mdogo wangu kachungulia: “Sasa dada, hiyo inavua samaki?”